Hesabu usingizi kabla ya vidonge: mwongozo kwa wenye kijana mwenye baipola

Niseme mapema mi ni fundi cherehani Tandika, sio daktari. Kijana wangu ana miaka 21 sasa, baipola, ule ugonjwa wa akili wa vipindi vya kupanda kupita kiasi na kushuka mpaka sonona, ilimuanza akiwa na 16, kidato cha tatu. Naandika haya kwasababu kila baada ya siku chache kuna mtu anakuja kibandani kwangu anajifanya kaleta suruali ipunguzwe kiuno, kumbe ana mtoto nyumbani hamuelewi, anainama ananong'ona, na mi nimechoka kueleza yale yale nikiwa na pini mdomoni.

Ilivyoanza kwetu. Ilikuwa Januari, msimu wa sare, si unajua tena Januari ya fundi, nina jora zima la bluu la sketi za shule ya msingi na hela ya watu nimeshakula nusu. Saa nane usiku nasikia mkasi. Natoka sebuleni nakuta kijana kakata jora lote, sketi thelathini na kitu zote kipimo kimoja, kachora chaki mpaka ukutani, jasho linamtiririka, anaongea haraka maneno yanapandana, anafungua kiwanda Kigamboni, atavalisha shule zote za nchi. Ananiambia "Baba we kalale tu, mi siku ya tatu hii sijalala na sijachoka hata kidogo, huoni kama ni baraka?" Nilimchapa na rula ya mbao ile ndefu ya kukatia. Nikaona kiburi, nikaona bangi, nikaona hasara yangu. Kitu pekee cha maana alichosema usiku ule kilikuwa hiyo "siku ya tatu" na mi sikukisikia.

Hatua ya 1: nunua kaunta buku

Kaunta ya kwaya mbili inatosha mwaka. Usisubiri mpaka daktari akwambie, anza leo leo hata kama huna uhakika kama mtoto anaumwa. Kila siku mstari mmoja: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kala au hajala, kaongeaje, dawa kameza au hajameza. Basi. Usiandike insha.

Sababu ni kwamba huu ugonjwa unakwenda kwa vipindi, na ukifika kwa daktari ukaulizwa "imeanza lini, imekaa siku ngapi" utajikuta unasema "muda mrefu kidogo dokta", na hiyo haimsaidii chochote. Yeye anatafuta vitu vyenye siku. Kipindi cha kupanda kabisa, yaani akili na mwili vinakwenda mbio kama usiku ule wa mkasi, kinahesabiwa kuanzia wiki moja hivi, labda awe amepanda kiasi cha kulazwa hapo siku hazihesabiwi. Kuna kupanda kwa wastani kuanzia siku nne. Kushuka, ile sonona ya huzuni na kukosa nguvu, kuanzia wiki mbili mfululizo. Sasa bila daftari utazijuaje?

Na usingizi ndo unaotangulia. Kwa wetu mdomo unakuja baadaye, matumizi ya hela yanakuja baadaye, usingizi unakatika kwanza. Angalia tofauti hii: mtu mwenye mawazo halali na asubuhi kachoka, macho mekundu, anasinzia kwenye daladala. Anayepanda halali na asubuhi yuko fresh kuliko wewe. Ukiona masaa matatu usiku wa kwanza, matatu usiku wa pili, na mtu anaimba bafuni saa kumi alfajiri, usisubiri wa tatu.

Hatua ya 2: jua unaangalia nini, hasa kwa watoto wadogo

Kupanda sio furaha tu. Wengine wanapanda kwa hasira, yaani ukimwambia shikamoo hujaitikiwa ushatukanwa. Anakuwa na mipango kumi, anagawa vitu vyake, anajiona yeye mkubwa kuliko rais, binti anaweza kuanza mambo ya wanaume ambayo sio tabia yake, wengine wanasikia sauti. Kushuka ni kinyume chake, haogi, hali au anakula ovyo, analala masaa kumi na nne na bado kachoka, simu haigusi, anasema yeye ni mzigo. Na kuna ile mbaya zaidi, vyote viwili kwa pamoja, mwili umepanda moyo umeshuka. Hiyo ndo ya kuogopa, maana ana huzuni ya kutaka kufa na nguvu ya kufanya.

Wenye watoto wa miaka saba nane naombeni mpunguze haraka. Mtoto mtukutu kila siku tangu azaliwe, mwenye hasira kila siku, huyo anaweza kuwa na kitu kingine kabisa. Baipola inakuja kwa vipindi, mtoto anabadilika asiwe yule unayemjua, afu anarudi. Mara nyingi inajitokeza kuanzia ujana, kidato cha tatu, cha sita, mwaka wa kwanza chuo.

Hatua ya 3: hospitali, na usiende mikono mitupu

Hapa Dar huhitaji kwenda mbali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana, Mwananyamala, unaweza kuanzia huko kutegemea unakaa wapi. Mirembe iko Dodoma, watu wakisikia ugonjwa wa akili wanadhani lazima mtoto apakiwe basi la Dodoma, hapana.

Beba daftari. Beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, hata za kunenepa. Wataanza kupima vitu vingine, usikasirike ukaona wanakula hela yako, malaria ikipanda kichwani inaweza kumfanya mtu aweweseke, na kuna sukari, VVU, tezi ya shingo, bangi na vilevi vingine. Lazima waviondoe kwanza njiani.

Na kama mmeenda kwasababu ya sonona, mwambie daktari kama huko nyuma kulishakuwa na siku za kupanda. Msema kweli mi hili nilikuwa silijui. Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha juu. Mwambie pia kama ukoo una mtu wa hivi, yule shangazi mnayesema "alilogwa harusini", mtaje. Ugonjwa unatembea kwenye damu za familia ingawa watoto wengi hawaurithi.

Hatua ya 4: dawa, hapa soma polepole

Hatua hii ndefu, nisamehe, ila ndo watu wanapopotezea watoto.

Lithiamu. Ni chumvi, kweli kabisa, inachimbwa kwenye mawe, daktari wa Australia anaitwa John Cade ndo aliandika mwaka 1949 kwamba inatuliza wagonjwa waliopanda. Ni dawa nzuri ila ina nafasi nyembamba kati ya kutibu na kudhuru. Wanapima kiwango chake kwenye damu, kwa kawaida wanataka kiwe kati ya 0.6 na 1.0 hivi, ikivuka 1.5 mambo yanaanza kuharibika. Damu inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwahiyo kama kameza saa tatu usiku damu itolewe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi kama anayo asimeze mpaka atolewe damu. Sisi mara ya kwanza tulimeza afu tukaenda, majibu yakaja juu, tukaogopa bure. Figo na tezi vipimwe kila miezi sita hivi.

Sasa joto letu hili la Desemba mpaka Machi. Mtu akitoka jasho sana, akiharisha, akitapika, maji na chumvi vinapungua mwilini na lithiamu inabaki nyingi kwenye damu. Kijana anacheza mpira saa kumi juani, anywe maji. Msimu wa kipindupindu ndo kabisa. Na usimkataze chumvi ghafla eti presha. Dalili za kuzidi ni mikono kutetemeka kwa nguvu (kutetemeka kidogo ni kawaida), kutapika, kuharisha, kupepesuka kama mlevi, kuongea kwa kulala lala. Ukiziona usimpe dozi nyingine, hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Diklofenaki na ibuprofeni, zile za duka la dawa mtu akiumwa jino au mgongo, zinapandisha lithiamu. Parasetamoli ndo atumie. Nimeibandika hii karatasi kwenye friji kwasababu bibi yake ana roho nzuri na mfuko wake wa dawa hauishi diklofenaki.

Valproeti, dawa nyingine ya kuzuia kupanda. Kama ni binti, uliza mara mbili. Akishika mimba akiwa anaitumia mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro au akachelewa akili, sio jambo la kubahatisha. Usimuachishe mwenyewe kwa woga, rudi kwa daktari mjadili dawa nyingine au uzazi wa mpango wa uhakika. Najua kuongea uzazi wa mpango na binti wa miaka 17 mbele ya baba yake ni mtihani, basi amuite mama yake mdogo, ila iongelewe.

Kabamazepini, nayo ya kuzuia kupanda, inapunguza nguvu ya dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na hata dawa mseto ya malaria, kwahiyo kila anayekuandikia dawa mwambie mtoto anatumia hii. Akitoka vipele mwilini au vidonda mdomoni wiki za mwanzo, mbio hospitali.

Afu sindano ya haloperidoli, ya kumtuliza aliyepanda. Wetu siku ya pili baada ya kuchomwa shingo ilipinda ikabaki pale, macho yamegeukia juu, ulimi mzito. Wapangaji wote wakajaa mlangoni, mmoja akaanza kusoma, mwingine anasema jini la bahari hilo, tafuta ubani. Lilikuwa dhara la dawa. Tulirudi hospitali akapewa dawa ya kulegeza misuli, ile familia ya Artane, na haikupita muda mrefu shingo ikarudi. Ningejua mapema nisingelia vile.

Dawa asikatishe akipata nafuu. Wote wanakatisha, wetu kakatisha mara mbili. Weka akiba ya wiki mbili nyumbani maana kuna siku unafika dirishani unaambiwa hazipo. Akiba ikae kabatini kwa ufunguo, sababu nitaisema chini.

Hatua ya 5: andikeni makubaliano akiwa mzima

Akishapanda hakusikilizi, akishashuka anakubali kila kitu kwa kujidharau, kwahiyo wakati wa kuongea ni huku katikati, jioni moja mmekula vizuri. Sisi tuliandika nyuma ya lile daftari, kwa maneno yake yeye: nikilala chini ya masaa manne usiku mbili, baba anapiga simu kliniki na mimi sibishi. Nikianza kuongelea kiwanda, dada anaruhusiwa kuniambia. Nani anapigiwa simu wa kwanza, mjomba wa Mbagala, maana yule anamsikiliza, baba mdogo asije kabisa maana anakoromea watu.

Hela iandikeni pia. Watu wanadhani mgonjwa wa akili anaokota makopo, kumbe wa siku hizi anamaliza hela kwa simu akiwa kitandani. Mikopo ya simu, mikeka ya kubeti, kutumia watu hela saa tisa usiku. Wetu aliwahi kuwagawia wana wa kijiweni ada ya muhula. Tulikubaliana hela ya maana ikae kwenye laini ya dada yake na yeye abaki na laini ya matumizi. Akishafika miaka 18 huwezi kumpora tu simu, ni mtu mzima, ndo maana nasema mkubaliane kabla.

Hatua ya 6: siku yenyewe amepanda

Sauti chini. TV zima. Wapangaji waombe warudi vyumbani, hii sio sinema. Usibishane naye kuhusu kiwanda, wala usimkubalie, sema tu "nimekusikia mwanangu, tuongee njiani". Visu, mkasi wangu wa kukatia, pasi, vitoe mapema kabla mambo hayajachemka.

Usimpakie bodaboda, ataruka. Chukua bajaji au teksi, yeye akae katikati, watu wawili anaowaheshimu pembeni. Kamba na minyororo hapana, nimeona mtu mwenye alama za kamba mikononi miaka kumi baadaye na bado hamsemeshi kaka yake. Kama amekuwa hatari kabisa muite mjumbe au polisi 112 na ukipiga sema wazi ni mgonjwa, sio mwizi, maana mtaani neno mwizi linaua. Akigoma kulazwa, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yenye utaratibu wa kumlaza asiyekubali, waulize wahusika hapo hospitali wakuelekeze.

Hatua ya 7: siku ameshuka

Hii haina kelele ndo maana inaua. Muulize waziwazi, "unafikiria kufa?" Hutampa wazo kwa kumuuliza, wengi wanapumua wakiulizwa. Akisema ndiyo asiachwe peke yake hata chooni mlango usifungwe. Sumu ya panya toa nyumbani. Dawa zote kwenye kabati lenye ufunguo, zake na za presha za bibi, maana lithiamu ya mwezi mzima kwa mkupuo ni kifo. Dozi anapewa ya siku ile.

Kuna familia zinaficha mtoto aliyekunywa kitu kwasababu kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, wanaogopa polisi. Hospitali kwanza. Mengine yatajadiliwa mtoto akiwa hai. Kwa wa chini ya miaka 18 kuna namba 116 ya watoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Hatua ya 8: dini na waganga

Simtukani mtu, na sisi tumezunguka, tulikunywa kombe, tuliombewa, tulienda mpaka Bagamoyo na kuku mweusi. Nilichojifunza ni kimoja. Dua haigombani na kidonge. Ila ukimpeleka kwenye mkesha mpaka alfajiri, ngoma na vipaza sauti, umemkata usingizi, na usingizi ukikatika anapanda, afu mnasema pepo limekasirika. Maombi ya mchana tafadhali. Na anayekwambia acha dawa ili uone imani, au anayefunga watu, ondoka hata kama ushatoa sadaka.

Kufunga Ramadhani ongea na daktari wiki kadhaa kabla, hasa wa lithiamu, kwasababu ya maji na saa za dozi, na daku nayo inavunja usingizi. Wetu mwaka juzi aliambiwa asifunge, sheikh wetu akasema mgonjwa ana ruhusa yake, yakaisha.

Hatua ya 9: shule

Ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi, wawili tu, sio ofisi nzima. Omba vitu maalum: asichapwe kwa kusinzia asubuhi maana ni dawa, aruhusiwe maji na choo, prepo ya usiku asamehewe. Bweni mimi sishauri miaka ya mwanzo, kama hamna jinsi matroni ashike dawa. Karibu na mtihani wa Novemba hapo ndo kuwe na macho, wanakesha kusoma wote, na wako hawezi kukesha kama wenzake. Chuo kuna utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua ya daktari, afadhali mwaka mmoja upotee kwa barua kuliko kudisko.

Hatua ya 10: waliobaki nyumbani

Mdogo wake alianza kukojoa kitandani na hatukugundua mpaka miezi, wote macho kwa mkubwa. Mwambie mdogo kwa kifupi, kaka anaumwa kichwani, sio kosa lako, akianza kufoka nenda kwa mama Zuwena. Na nyie wazazi gawaneni usiku, mama mpaka saa nane, baba kuanzia hapo. Mi nilishona kola ya mteja kichwa chini wiki ile nzima.

Hatua ya mwisho: daftari liende kwake

Akifika kama miaka 18, 19, na katulia, mpe kalamu. Mwanzoni atadanganya, ataandika masaa nane wakati ulimsikia anatembea, usigombe, wewe andika lako pembeni mlinganishe Jumapili. Wetu sasa anajaza mwenyewe mwaka wa pili huu, ananisaidia kibandani kupima na kukata, kipimo cha kila mtu na chake. Mi naruhusiwa kusoma Jumapili tu. Jumapili hii nimekuta Jumatano kaandika: masaa matano, sio mimi, baba kakoroma.